Jaribio, Vitendo na Ubia: Istilahi za Sayansi ya Mikono Katika Shule za Sekondari

Kazi ya ofisa wa istilahi aghalabu huanza pale kazi ya mwingine ilipokwama. Mtaalamu huja na hati yake, huweka kidole juu ya neno la kigeni na kuuliza: hili tuliite nini? Katika siku za karibuni tumeletewa hati kadhaa za namna moja. Zote zinahusu mipango ambayo kwayo vyuo vikuu hushirikiana na shule za sekondari ili wanafunzi wajifunze sayansi kwa kushika vifaa, kupima na kuchunguza wenyewe, badala ya kukariri yaliyoandikwa ubaoni. Jambo lenyewe ni jema, wala hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na maneno ambayo limevikwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno tuliyozoea kuyatumia katika uwanja huu yanakwenda kinyume cha kusudi la mipango hiyo. Neno moja linamfanya mshirika kuwa mwombaji. La pili linamfanya mchunguzi kuwa mtahiniwa. La tatu, ambalo ni la fizikia yenyewe, linaficha swali ambalo mwanafunzi angepaswa kuuliza. Ili tusiyahukumu hewani, tutayapima kwa tukio moja la kweli lililotokea katika nchi yetu, ambalo wanasayansi wa dunia nzima wanalijua kuliko tunavyolijua sisi.

1. Tukio la Magamba na Mkwawa

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika sehemu ya barafu ya jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na wenye kuigombea walikuwa wengi. Siku moja mwenzake, alipomwona Mpemba anachemsha maziwa, alichanganya ya kwake na sukari bila kuyachemsha na kuwahi trei. Mpemba aliona kwamba akingoja maziwa yapoe atakosa trei ya mwisho. Akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi wakakuta maziwa ya Mpemba yamekwisha kuganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake mmoja aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye huitia ikiwa ya moto kwa makusudi, kwa kuwa huganda upesi zaidi. Mpemba alipofika Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, na darasa likafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, aliuliza tena. Mara hii alielezwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Tangu hapo kila alipokosea hesabu darasa lilisema kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Alichukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka katika sehemu ya barafu ya jokofu. Baada ya saa moja maji hayakuwa yameganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyoanza na maji ya moto. Ndipo mkuu wa shule alipomwalika Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu huko Dar es Salaam, aje kuzungumza na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo ulio sawa, kimoja maji yake yakiwa ya nyuzi 35 za sentigredi na kingine nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walimcheka, na baadaye walimlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne hakucheka. Alimwuliza kama amelifanya jambo hilo kwa mikono yake, na alipojibiwa kwamba ndiyo, alisema kwamba hajui sababu, lakini atalijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Huko alimpa kazi hiyo fundi sanifu wa maabara. Fundi alirudi na habari kwamba ni kweli, maji yaliyoanza yakiwa ya moto yaliganda kwanza. Akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Majaribio yakaendelea kwa utaratibu: maji ya sentimita za ujazo 70 katika bika za sentimita za ujazo 100, na muda ukipimwa mpaka barafu ilipoanza. Ilionekana kwamba maji yaliyokawia kuliko yote ni yale yaliyoanza na nyuzi 25 hivi, na yale yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi zaidi. Mwaka 1969 matokeo yalitolewa katika jarida la Physics Education, chini ya majina mawili: Mpemba kwanza, kisha Osborne.

Hilo ndilo tukio. Sasa tuyatazame maneno yetu.

2. Ufadhili, msaada au ubia?

Hati nyingi tulizozisoma huuita uhusiano wa chuo na shule kwa neno ufadhili au msaada. Chuo ni mfadhili, shule ni mfadhiliwa. Vifaa hukabidhiwa, hotuba hutolewa, shukrani hurudishwa, na picha hupigwa. Neno ufadhili limetoka katika fadhila, nalo ni neno la heshima. Lakini fadhila huenda upande mmoja tu: anayefadhiliwa hana alichokileta ila mikono ya kupokelea.

Tukilipima neno hili kwa tukio la Mkwawa tunaona mara moja kwamba halitoshi. Chuo Kikuu kilileta nini? Kilileta jokofu lililoweza kutengwa kwa kazi hiyo, vipimajoto, fundi sanifu, na njia ya kuyafikisha matokeo kwenye jarida. Shule ilileta nini? Ilileta swali. Pasipo vifaa vya chuo swali lingebaki kuwa kichekesho cha darasa. Pasipo swali la mwanafunzi vifaa vya chuo vingekaa kabatini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila upande ulitia mtaji wake, na faida ikagawanywa kwa haki, kwa maana majina yaliandikwa yote mawili.

Kiswahili kina neno kwa ajili ya jambo hilo, nalo ni ubia. Wafanyabiashara wa pwani wamelijua neno hili tangu zamani: huyu hutia mali, yule hutia kazi, faida na hasara huwa ya wote. Wala si neno lililosahauliwa. Bunge la Tanzania lilipotunga mwaka 2010 sheria ya kuunganisha nguvu za serikali na za watu binafsi, neno lililotumika ni ubia. Huenda wengine wakasema kwamba ubia unanuka biashara na haufai shuleni. Tunajibu kwamba kilichomo katika neno hilo ni haki ya kila mshirika kuuliza hesabu, na haki hiyo ndiyo tunayoitaka. Mfadhiliwa haulizi hesabu. Mbia huuliza: mmeleta mizani kumi, lakini je, mmekuja kusikiliza maswali yetu mangapi?

Jambo hili lina uzito kwa sababu uhusiano wa chuo na shule kwetu haukuanza jana. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu kutoka vyuo vikuu huenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na wahadhiri huwafuata kuwakagua. Shule ya Mkwawa yenyewe iligeuka mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo hufundisha walimu pale pale ambapo Mpemba alichekwa. Njia ya kutoka chuoni kwenda shuleni imekwisha kulimwa. Linalobaki ni kuamua kama apitaye njia hiyo ni mkaguzi, mfadhili au mbia, na uamuzi huo huanza na jina tunalompa.

3. Vitendo na jaribio

Neno la pili ni lile la shughuli yenyewe. Hati zetu husema sayansi kwa vitendo, somo la vitendo, mtihani wa vitendo. Wanafunzi wenyewe husema praktikali. Neno vitendo si baya, lakini ni pana mno. Kufagia maabara ni kitendo. Kumwaga asidi kwa kufuata hatua saba zilizoandikwa ubaoni, ambazo mwisho wake kila mtu anaujua, ni kitendo. Kuweka bika mbili katika jokofu ili kujua jambo ambalo hata mwalimu halijui, nako ni kitendo. Istilahi inayobeba mambo matatu yasiyofanana bado haijawa istilahi; ni gunia tu.

Kutokana na upana huo tuliwahi kufika mahali ambapo kitendo kilifanywa bila kutenda. Kwa miaka kadhaa mitihani yetu ya taifa ya sayansi ilikuwa na karatasi ya mbadala wa vitendo, ambayo kwayo mtahiniwa alieleza kwa kalamu jinsi ambavyo angeshika chombo ambacho pengine hajapata kukiona. Hatusemi kwamba neno ndilo lililoleta karatasi hiyo. Uhaba wa maabara ndio ulioileta. Lakini neno lililegea kiasi kwamba halikupiga kelele lilipotumiwa hivyo. Mwaka 2014 palikuwa na kampeni kubwa ya kujenga maabara tatu katika kila shule ya sekondari ya kata, na wananchi wengi walichanga fedha na nguvu zao. Nyumba zilijengwa. Yafaa sasa tuulize ni kitendo gani kinachofanyika ndani ya nyumba hizo.

Neno jaribio lina kasoro ya namna nyingine. Katika lugha ya kawaida jaribio ni kufanya jambo kwa kubahatisha kama litawezekana. Ndiyo maana tunasema jaribio la kuiba au jaribio la kupindua serikali, na aghalabu tunamaanisha kwamba halikufaulu. Katika maabara, jaribio ni kuliuliza jambo la asili swali kwa utaratibu. Lakini katika shule zetu jaribio lina maana ya tatu iliyo na nguvu kuzidi hizo mbili: ni mtihani mdogo wa kati ya muhula, unaotiwa alama. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kesho kuna jaribio la fizikia huenda kulala na daftari, wala hafikirii kipimajoto.

Mwanafunzi aliyezoea jaribio la alama akiingia maabara kwa jaribio la sayansi huchukua tabia zile zile. Hutafuta jibu lililo sahihi, na akiona kipimo chake hakilingani na cha jirani hukifuta na kuandika cha jirani. Hapo ndipo tunapomkumbuka yule fundi sanifu wa Dar es Salaam aliyesema watarudia mpaka wapate matokeo sahihi. Tusimcheke, alikuwa mwaminifu kwa sababu aliyatoa matokeo jinsi yalivyokuwa. Lakini kauli yake inaonyesha jinsi neno sahihi linavyoweza kuingia mahali pasipo pake. Katika jaribio la sayansi kuna matokeo yaliyotarajiwa na matokeo yaliyopatikana. Usahihi ni sifa ya upimaji, yaani kama kipimo kimechukuliwa kwa uangalifu. Kuulinganisha usahihi na kutarajiwa ni kumfundisha mtoto kusema uongo kwa mwandiko mzuri.

4. Kuganda

Neno la tatu ni la fizikia yenyewe, na hapa hapana budi tujikosoe sisi wa istilahi kabla ya kuwakosoa wengine. Tumekuwa wepesi wa kuridhika tunapopata neno moja la Kiswahili mbele ya neno moja la kigeni. Tukishaandika kuganda tunafunga faili.

Lakini kuganda katika Kiswahili ni mambo mengi. Damu huganda, uji huganda, mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, na mtu akishikwa na hofu huganda pale aliposimama. Zaidi ya hayo, maziwa yakiganda kwa kawaida tunaelewa kwamba yamekuwa mgando, yaani yamechachuka na kushikana bila baridi yoyote. Mtu akisimuliwa kisa cha Magamba, kwamba maziwa ya Mpemba yaliganda kwanza, angeweza kwa haki kabisa kudhani kwamba yaliharibika.

Hiyo ni kasoro ndogo. Iliyo kubwa ni hii. Msomaji na arudi katika masimulizi yetu ya sehemu ya kwanza aangalie ni kitu gani kilichopimwa kila mara. Huko Magamba, maziwa yalikuwa yamekuwa magumu na mengine bado uji. Katika maabara ya biolojia ya Mkwawa, kilichotazamwa ni wingi wa barafu baada ya saa moja. Dar es Salaam, kilichopimwa ni muda mpaka barafu ilipoanza. Hivyo ni vipimo vitatu mbalimbali, na katika Kiswahili tumevisimulia vyote kwa kauli moja: yaliganda kwanza.

Wala si mchezo wa maneno. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha uchunguzi ambao ndani yake walipima muda wa maji kupoa mpaka nyuzi sifuri. Walisema kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto huwahi. Wengine wamewajibu kwamba kufika nyuzi sifuri si kuganda, maana maji yanaweza kupoa chini ya sifuri yakiwa bado maji, na barafu ikakawia kuanza. Mabishano hayo yanaendelea, na sehemu yake kubwa ni mabishano juu ya maana ya neno. Wataalamu wenye vyombo vya thamani kubwa wanabishana kwa sababu ya jambo ambalo istilahi yetu inalifunika kwa blanketi moja.

Basi mwanafunzi wa kidato cha tatu atajiteteaje? Mwalimu akimwambia kwamba amechanganyikiwa, anahitaji kusema: sikusema kwamba yote yamekuwa barafu, nimesema barafu imeanza mapema. Akikosa maneno ya kutenga hili na lile, ataonekana mjinga ingawa macho yake yaliona vizuri. Istilahi ni chombo cha maabara kama kipimajoto kilivyo, na chombo kibovu humwaibisha anayekitumia. Hata hilo jina kipimajoto linadai kupima joto, ilhali kinachopimwa ni halijoto, ambayo vitabu vingine huiita jotoridi. Hapa tuna maneno mawili kwa dhana moja. Kule kwenye kuganda tuna neno moja kwa dhana tatu. Yote mawili ni maradhi.

Yafaa tukumbuke pia mahali ambapo lugha yetu imefaulu. Watu husema sukari imeyeyuka katika chai na barafu imeyeyuka juani, kana kwamba ni jambo moja. Walioandaa istilahi za kemia walitoa neno mmumunyo kwa ajili ya sukari iliyopotelea ndani ya maji, wakalichukua katika kitenzi kumumunya, yaani kulainisha kitu mdomoni bila kutafuna mpaka kiishe. Kila mtoto aliyewahi kumumunya pipi anaijua sayansi hiyo kwa ulimi wake. Neno kama hilo hudumu.

Mataifa mengine yamefanya vivyo hivyo. Mwaka 1996 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, kwa uongozi wa mwanafizikia Georges Charpak, kilianzisha mpango wa kufundisha sayansi kwa kushika vitu. Jina lake, La main à la pâte, wamelitoa jikoni: ni msemo wa mtu anayeingiza mkono katika donge la unga na kukanda mwenyewe. Mpango huo ulianza katika shule za msingi, na tangu mwaka 2012 umeanzisha vituo ndani ya vyuo vikuu ambako walimu huja kufanya uchunguzi pamoja na wanasayansi. Wafaransa hawakutafsiri jina la Kiingereza, walitafuta lao. Sisi tukilitafsiri lile la Kiingereza neno kwa neno tutapata mikono juu, nayo ni amri ya polisi.

5. Lugha ya mezani na lugha ya daftari

Tunajua pingamizi litakaloletwa. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, wengi watasema. Basi istilahi za Kiswahili za maabara zina faida gani?

Tulipata kualikwa katika shule moja siku ambayo wahadhiri na wanafunzi wa chuo walikuja na vifaa. Tuliketi nyuma. Wanafunzi walikuwa wanne wanne kila meza, wakipima jinsi maji yanavyopoa. Kwa muda wa nusu saa chumba kilijaa mazungumzo, na mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili: shika hapa, usitikise, subiri kidogo, mbona imesimama hapo hapo? Binti mmoja aliwaambia wenzake kwamba maji yanashuka haraka mwanzoni, halafu yanachoka. Kisha wageni wakataka kila meza isimame ieleze ilichokiona, kwa Kiingereza. Chumba kikanyamaza. Yule binti alipofikiwa alisoma sentensi kutoka kitabuni ambayo haikuwa na uhusiano na alichokiona, akaketi. Wageni walipiga makofi.

Katika neno lile, yanachoka, mlikuwamo kanuni ya Newton ya kupoa: kwamba kadiri maji yanavyokaribia halijoto ya chumba ndivyo yanavyopoa polepole zaidi. Binti aliiona kwa macho yake na kuisema kwa lugha yake, na hakuna aliyeiandika. Mpemba alipata bahati kwamba swali lake lilisikika. Hatujui ni maswali mangapi huzimika katika hatua ile fupi iliyo kati ya meza na daftari.

Kwa hiyo tunajibu hivi: lugha ya kufundishia iwavyo iwe, lugha ya mikono katika maabara zetu ni Kiswahili. Kuipa istilahi nzuri si kumnyima mwanafunzi Kiingereza. Ni kumpa mahali pa kusimamia anapovuka.

6. Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunatoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe.

(i) Uhusiano wa chuo kikuu na shule kwa ajili ya kufundisha sayansi uitwe ubia wa chuo na shule, na washiriki wake wabia. Neno ufadhili libaki kwa utoaji wa fedha au vifaa peke yake.

(ii) Neno vitendo libaki kuwa jina la jumla, lakini chini yake patengwe mambo matatu: onyesho, ambalo mwalimu hufanya na wanafunzi hutazama, zoezi la maabara, ambalo mwanafunzi hufuata hatua alizopewa ili azoeze mkono, na jaribio, ambalo huanza na swali ambalo jibu lake halijajulikana na anayeuliza.

(iii) Mtihani mdogo wa darasani uitwe mtihani mdogo, na neno jaribio liondolewe katika ratiba za mitihani. Tunajua kwamba mazoea hayaondoki kwa waraka; lakini walimu wa sayansi wanaweza kuanza wao.

(iv) Katika kuandika ripoti pasemwe matokeo yaliyotarajiwa na matokeo yaliyopatikana. Neno sahihi litumike kwa upimaji tu.

(v) Katika fizikia ya maji na barafu patengwe kupoa hadi sifuri, kuanza kuganda na kuganda kote. Tumechagua kutumia maneno yaliyopo badala ya kuunda mapya, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuyaelewa bila kufunua kamusi.

(vi) Halijoto itumike kwa kile ambacho kipimajoto hukisoma, na joto libaki kwa nishati yenyewe. Jina kipimajoto limekwisha kuzoeleka na hatupendekezi kulibadili.

(vii) Kila ubia wa chuo na shule uwe na daftari la maneno. Wanafunzi wanapofanya jaribio, mmoja wao aandike maneno ya Kiswahili yanayosemwa mezani, hata yale yanayoonekana ya mzaha, na daftari hilo lifike kwetu. Tunaamini kwamba humo tutapata istilahi bora kuliko zile tunazozibuni tukiwa tumeketi ofisini.

Pendekezo hili la mwisho ndilo tunalolithamini kuliko mengine, kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe. Tumewalaumu wafadhili kwamba huja shuleni na vifaa bila kusikiliza maswali. Lakini sisi nasi tumekuwa tukipeleka shuleni orodha za istilahi bila kuuliza maneno. Mtu aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alijua jambo ambalo mwalimu wa fizikia alilikataa. Huenda na jina lake alilijua, na hakuna aliyemwuliza.

Tunawaomba walimu, wahadhiri, mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi watuandikie juu ya mapendekezo haya. Wanaoyakubali watuletee mifano, na wanaoyakataa watuletee maneno yaliyo bora.